Kadi Haijafa: Kutafuta Tatizo la Vyeti vya Kadi Janja Kwenye Windows Server

Jumatatu moja, saa mbili na robo asubuhi, nilikuwa bado napanda ngazi za jengo letu pale Upper Hill simu ilipolia. Alikuwa mama mmoja wa idara ya malipo. "Mwanangu, kadi yangu imekufa. Naitia, naandika namba ya siri, inanikatalia."

"Pole mama. Usiijaribu tena, naja."

Nilipofika ghorofa ya tatu nilikuta watu wanne wamesimama, kila mmoja kashika kadi yake janja, ile yenye chipu tunayoingilia kwenye kompyuta. Kadi nne hazifi asubuhi moja. Nikageuka, nikaenda chumba cha seva.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza, na hakihitaji amri yoyote. Uliza ni wangapi wamekwama, uliza tangu lini, kisha chukua kadi ya mmoja uitie kwenye kompyuta ya jirani yake. Mtu mmoja akikataliwa kila mahali, tatizo liko kwenye kadi, cheti au akaunti yake. Akikataliwa kwenye kompyuta moja tu, angalia kisomaji. Watu wengi wakikataliwa kwa pamoja, ziache kadi zao, kamuulize seva. Nimeona ofisi ikichapisha kadi mpya siku nzima, na kila kadi mpya ikakataliwa kama ile ya zamani, kwa sababu hakuna aliyefungua logi za seva, yaani kumbukumbu za matukio yake, hata mara moja.

Na sikumkataza mama kujaribu tena bure. Kadi nyingi hujifunga namba ya siri ikikosewa mara chache, mara nyingi tatu, na kuifungua kunahitaji namba nyingine ambayo mwenye kadi hana. Mtu mwenye wasiwasi huandika haraka, na tatizo moja likawa mawili. Piga picha ya ujumbe ulio kwenye skrini, maneno yote pamoja na namba inayoanza na 0x, halafu weka kadi pembeni.

Vyeti ni viwili

Kabla ya kugusa kitu, elewa kinachotokea. Ndani ya chipu kuna ufunguo wa siri ambao hautoki humo kamwe, na kando yake kuna cheti kinachosema ufunguo huo ni wa nani. Mtu akiandika namba yake ya siri, chipu hutia sahihi, kisha sahihi na cheti hupelekwa kwenye seva inayoidhinisha watu kuingia kwenye domeni, yaani mtandao wa kompyuta na akaunti za ofisi, ile sisi mafundi tunaiita DC. DC huuliza maswali manne: cheti hiki kimetolewa na mamlaka ninayoiamini kwa kazi hii? Muda wake haujaisha? Hakijabatilishwa? Na ni cha akaunti gani?

Lakini DC nayo hutoa cheti chake, na kompyuta ya mtumiaji hukikagua vilevile. Hapa ndipo wengi wetu hupotea. Tunakagua cheti cha kadi kwa makini, tunakikuta kizima, tunakwama. Na kumbe kilichokufa ni cha seva.

Je, kompyuta inaiona kadi?

Kwenye kompyuta ya mtumiaji, fungua dirisha la amri:

sc query SCardSvr
certutil -scinfo -silent

Ya kwanza inakuambia kama huduma ya kadi inafanya kazi. Ya pili inataja visomaji vilivyopo, kadi iliyomo na vyeti vilivyo ndani yake. Neno la mwisho pale linaizuia isidai namba ya siri. Ukipata 0x8010001D, huduma haijaamka. Kuanzia Windows 8 na Server 2012 huduma hii huamka kisomaji kinapochomekwa na kulala kinapotolewa, kwa hiyo mara nyingi maana yake ni kwamba mfumo haukioni kisomaji kabisa. Ukipata 0x8010002E, huduma ipo ila hakuna kisomaji. Chomoa, badilisha tundu la USB, achana na vigawanyio vya USB vya bei rahisi.

Jambo moja lilinipotezea alasiri nzima nilipoanza kazi hii. Nilichomeka kisomaji kwenye seva yenyewe, nikarudi mezani, nikaingia kwenye seva kwa Remote Desktop, yaani kupitia mtandao, nikaambiwa hakuna kisomaji. Nikabadilisha vitatu. Ukiingia kwa Remote Desktop, Windows hukuonyesha visomaji vya laptopu iliyo mbele yako, si vya seva uliyoingia. Kama unataka kupima kisomaji cha seva, kaa kwenye kibodi ya seva. Kama unataka kadi ya laptopu ikubalike kule, hakikisha umetia alama ya kadi janja kwenye sehemu ya Local Resources kabla ya kuunganisha.

Uchafu nao usiudharau. Nilishawahi kupewa kadi iliyokuwa ikifungwa kwenye pindo la leso pamoja na sarafu, na ile bati ya dhahabu ya chipu ilikuwa imefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Kitambaa laini cha pamba, tone la spiriti, iache ikauke. Usitumie kifutio cha penseli, kinakwangua dhahabu.

Cheti kilicho ndani ya kadi

Ukiendesha certutil -scinfo bila lile neno la mwisho, dirisha litafunguka na kukuonyesha cheti. Kihifadhi kama faili, tuseme kadi.cer, kisha ukisome kwa mpangilio huu. Tarehe kwanza. Halafu Subject Alternative Name: humo kwa kawaida huwa na jina la mtumiaji kama lilivyo kwenye Active Directory (daftari la akaunti za domeni), lenye alama ya @. Halafu Enhanced Key Usage, utafute Smart Card Logon, ambayo namba yake ni 1.3.6.1.4.1.311.20.2.2. Mwisho CRL Distribution Points, yaani anwani ambako seva itakwenda kuuliza kama cheti kimebatilishwa. Inakili anwani hiyo kwenye daftari, utaihitaji.

Cheti cha seva

Sasa nenda kwenye DC. Fungua Event Viewer, logi ya System, chuja chanzo Kerberos-Key-Distribution-Center. Tukio namba 19 au 29 linasema wazi: seva haina cheti kinachofaa kwa kadi, au inacho lakini hakithibitiki. Tukio namba 21 linasema kilichokataliwa ni cheti cha mtumiaji, na sababu imeandikwa mwishoni mwa ujumbe. Usome hadi mwisho; mafundi wengi huishia mstari wa kwanza.

certutil -dcinfo verify

Amri hii hupitia DC zote na kukuonyesha vyeti vyake. Kwa kawaida DC huchukua cheti kwa kiolezo kiitwacho Kerberos Authentication, chenye muda wa mwaka 1, na hujaribu kukihuisha yenyewe wiki 6 kabla hakijaisha. Kama mashine inayotoa vyeti ilikuwa imezimika, au kiolezo kiliondolewa, wiki hizo 6 hupita kimya na hakuna anayepigiwa simu. Ukishaondoa kizuizi, amuru `certutil -pulse` kwenye DC, subiri kidogo, kisha angalia tena.

Ukiwa hapo hapo, kagua saa kwa `w32tm /query /status`. Kerberos, njia ambayo DC hutumia kuthibitisha watu, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5, si zaidi.

Kuna ghala moja linaitwa NTAuth. Si kila mamlaka ya vyeti inayoaminika kwenye Windows inaruhusiwa kutoa vyeti vya kuingilia. Lazima iwe imeandikwa humo. Ofisi ikibadilisha mashine ya kutoa vyeti, au ikianza kununua vyeti vya kadi kutoka nje, hapa ndipo husahaulika.

certutil -enterprise -store NTAuth

Kama mamlaka iliyotoa cheti cha kadi haimo, msimamizi wa msitu (kundi zima la domeni) wa Active Directory aiongeze:

certutil -dspublish -f mamlaka.cer NTAuthCA

Kisha `gpupdate /force` kwenye kila DC, kwa sababu kila mashine hutunza nakala yake.

Orodha ya waliobatilishwa

Jumatatu ile nilipitia yote hayo kwa dakika 15 na kila kitu kilikuwa kizima. DC ilikuwa na cheti, NTAuth ilikuwa sawa, saa ilikuwa sawa. Tukio namba 21 ndilo lililojaa, na mwisho wa kila ujumbe palisemwa kwamba hali ya ubatilisho haikuweza kujulikana. Namba yake ni 0x80092013.

Kila mamlaka ya vyeti hutoa CRL, orodha ya vyeti ilivyobatilisha, na orodha hiyo yenyewe ina tarehe ya mwisho. Ikipita, seva haisemi "basi nitamwamini huyu." Inakataa. Na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu huenda aliye mbele yake ana kadi iliyoibwa jana kwenye matatu. Nilichukua faili la kadi.cer nikaendesha amri hii, ambayo ningekuwa na ruhusa ya kumfundisha fundi mpya amri moja tu, ningemfundisha hii:

certutil -verify -urlfetch kadi.cer

Inafuata mnyororo mzima, kutoka kadi, kupitia mamlaka ndogo iliyotoa cheti chake, hadi mamlaka ya mzizi iliyo juu kabisa, na kwa kila kiungo inakwenda kwenye ile anwani ya CRL na kujaribu kuipakua mbele ya macho yako. Orodha ya mamlaka ndogo ilikuwa mpya, imetoka Jumamosi. Orodha ya mzizi ilikuwa imeisha Jumapili jioni.

Ofisi nyingi zinazojali usalama huweka mamlaka ya mzizi kwenye mashine ambayo haijaunganishwa na chochote. Yetu iko kwenye kabati la chuma, imezimwa, na huamshwa mara mbili kwa mwaka ili itoe orodha mpya. Safari hii haikuamshwa. Mwenye jukumu hilo alikuwa amehamia idara nyingine, na tarehe ilikuwa kwenye kalenda yake, si kwenye kalenda ya ofisi.

Tulifungua kabati. Hapa sikiliza vizuri. Mashine iliyolala miezi 6 ikiamka, kitu cha kwanza kutazama ni saa yake. Ile yetu betri ndogo ya ubao ilikuwa imekufa na tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka. Ukitoa CRL kwa saa hiyo, utapata orodha iliyoisha muda kabla hujaichomoa flashi. Binti mmoja aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ndiye aliyeona. Alikuwa amesimama nyuma yangu na daftari. "Kaka, mbona huu mwaka si wenyewe?" Nilimshukuru mbele ya wote. Tukaweka saa kwa mkono, tukilinganisha na simu mbili, tukahakikisha na ukanda wa saa ni wa Nairobi, UTC+3, kwa sababu ndani ya cheti muda huandikwa kwa UTC na kosa la ukanda hukupotezea saa 3. Kisha:

certutil -crl

Faili jipya hukaa kwenye C:\Windows\System32\CertSrv\CertEnroll. Libebe kwa flashi safi, liweke kwenye seva ya wavuti ambayo anwani yake uliinakili kwenye daftari, na kama anwani ya LDAP (ile ya ndani ya Active Directory) imo pia kwenye vyeti, lichapishe kwenye Active Directory:

certutil -dspublish -f mzizi.crl

Rudia ile amri ya -verify. Ikipita, usishangae watu wakiendelea kukataliwa kwa muda, kwa sababu DC huwa imekumbuka jibu la zamani. Wengi huendesha `certutil -urlcache crl delete` wakaona haijasaidia. Amri hiyo husafisha kumbukumbu ya yule aliyeiendesha, na huduma ya Kerberos haitumii jina lako, inatumia jina la mfumo. Iambie mashine nzima isahau:

certutil -setreg chain\ChainCacheResyncFiletime @now

Mitego miwili zaidi ya orodha hizi nimekutana nayo hapa mjini. Wa kwanza ni stima. Ilipotea usiku wa wikendi, ikarudi, DC zikaamka, ila seva ndogo ya wavuti yenye orodha haikuamka kwa sababu hakuna aliyeipangia kuwaka yenyewe. Orodha ilikuwa nzima, lakini mlango wake ulifungwa. Wa pili ni alama ya kujumlisha. Orodha ya nyongeza, ile inayotoka kila siku, jina la faili lake huishia na +, na IIS, programu ya Windows ya seva ya wavuti, huikataa alama hiyo kwenye anwani mpaka uiruhusu kwa kuweka allowDoubleEscaping iwe true. Unaweza kulitazama faili kwenye folda, ukaapa lipo, na kila mashine ikaambiwa halipo. Jaribu kulipakua kwa kivinjari kutoka kompyuta ya mtumiaji, si kutoka kwenye seva yenyewe.

Kuna watu watakushauri uzime ukaguzi wa ubatilisho ili kazi iendelee. Ninawasihi msifanye hivyo. Siku kadi ya mtu aliyefukuzwa itakapokubaliwa kwenye mfumo wa malipo, hakuna atakayekumbuka foleni ya asubuhi moja.

Cheti kizima, akaunti si yake

Hili lilikuja na masasisho ya usalama ya Microsoft ya tarehe 10 Mei 2022, yaliyoandikwa KB5014754. Zamani DC ililinganisha jina lililo kwenye cheti na jina la akaunti, basi. Majina yanaweza kughushiwa. Sasa cheti lazima kifungwe na akaunti kwa kitu kisichobadilika, aghalabu SID ya akaunti, yaani namba yake ya utambulisho, inayowekwa ndani ya cheti kwenye nyongeza yenye namba 1.3.6.1.4.1.311.25.2. Kwa miaka karibu 3 seva zilionya tu. Masasisho ya tarehe 11 Februari 2025 yakaanza kukataa, na baada ya masasisho ya tarehe 9 Septemba 2025 hata thamani ya rejista StrongCertificateBindingEnforcement iliyokuwa ikiwarudisha watu kwenye hali ya kuonya haifanyi kazi tena. Ukikuta maelekezo ya zamani yanakuambia uiweke 1, yapite.

Kwenye logi ileile ya System tafuta matukio matatu. Namba 39: cheti hakina kifungo imara. Namba 40: cheti kilitolewa kabla akaunti haijaundwa. Namba 41: SID iliyo kwenye cheti si ya akaunti hii. La 41 nimelikuta pale fundi alipofuta akaunti ya mtu kwa bahati mbaya na kuunda nyingine yenye jina lilelile. Kwa macho ni mtu yuleyule. Kwa seva ni mgeni.

Dawa nzuri ni kumtolea mtu cheti kipya, mashine ya kutoa vyeti ikiwa imeshasasishwa. Angalia tu kiolezo: kama kinamruhusu muombaji kuandika jina mwenyewe, SID haiwekwi, na utapata cheti kipya chenye ugonjwa wa zamani. Kama vyeti vinatoka nje na huwezi kuvitoa upya, funga kwa mkono kwenye sifa ya altSecurityIdentities ya akaunti:

X509:<I>DC=local,DC=ofisi,CN=Mamlaka-Ndogo<SR>c31f0000006a

Namba ya cheti hugeuzwa, baiti ya mwisho ikawa ya kwanza. Cheti cha mfano huu kinasomeka 6a 00 00 00 1f c3. Geuza jozi kwa jozi, si tarakimu kwa tarakimu. Jina la mtoaji nalo huanza na DC (hapa ni kipande cha jina la domeni, si ile seva), kinyume na unavyoliona kwenye cheti. Kosa herufi moja na hakuna ujumbe utakaokuambia umekosea wapi, kwa hiyo soma kwa sauti mwenzako akifuatilia kwa kidole.

Kama yote haya ni mazima na bado umekwama, fungua Event Viewer, Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, CAPI2, Operational, na uiwashe, kwani huwa imezimwa. Jaribu kuingia mara moja, izime, kisha usome. Ni ndefu, ila huko kila hatua ya ukaguzi imeandikwa, na iliyoshindwa ina alama nyekundu.

Jumatatu ile tulimaliza saa tano kasoro robo. Nilipanda ghorofa ya tatu mwenyewe, nikamwomba mama afunge skrini yake kisha aingie upya, kwa sababu kipimo cha kweli ni mwenye kadi kuingia kwa kadi yake. Akaandika namba taratibu, kidole kimoja. Skrini ikafunguka.

"Kumbe haikufa."

"Haikufa, mama. Ni sisi tulichelewa."

Mchana tulibandika karatasi ndani ya mlango wa lile kabati: tarehe orodha ya mzizi inapoisha, amri tatu za kuitoa upya, na mstari wa kwanza kwa wino mwekundu, ANGALIA SAA. Tarehe ileile iko kwenye kalenda ya idara nzima, na vikumbusho viwili, siku 30 kabla na siku 7 kabla, vinavyokwenda kwa watu wanne, akiwemo anayetunza ufunguo wa kabati.